Neno Moja Kwenye Bendera ya Shemasi Jones

Mapema Februari 1886, watu wa Rabai, kwenye vilima vilivyo nyuma ya Mombasa, waliona mstari wa wapagazi ukitokea bara. Walikuwa wamekonda, wamechoka, nguo zimewachakalia mwilini. Mbele yao alitangulia mtu aliyeshika kibendera cha bluu, na juu yake palikuwa na herufi nyeupe zilizoshonwa kwa mkono usio wa fundi. Lilikuwa neno moja tu: Ichabod. Kiongozi wa msafara alikuwa shemasi Mwafrika, William Jones. Askofu aliyetoka naye Rabai Julai iliyotangulia, James Hannington, hakurudi.

Habari ya kibendera hicho imo katika kitabu cha maisha ya Hannington, kilichoandikwa na rafiki yake, kasisi E. C. Dawson, na kutolewa Uingereza mwaka 1887. Dawson anaitaja kwa uchungu, kisha anaendelea na askofu wake. Hana lawama, kwa kuwa kitabu ni cha Hannington. Lawama ni yetu sisi wa upande huu, tulioachiwa neno zito namna ile na mtu wetu, tukaliacha kwa takriban miaka 140 liwe tukio dogo katika maisha ya mtu mwingine. Ninachotaka kusema ni kwamba maisha ya makasisi wetu wa mwanzo bado hayajaandikwa inavyostahili, na haya yanayoandikwa sasa yanaandikwa kwa woga. Neno lile la Jones, likisomwa vizuri pamoja na kisa lilikotoka, linatuonyesha namna ya kuyaandika.

Tazama tunavyomjua Hannington. Alizaliwa mwaka 1847 Hurstpierpoint, Sussex. Tunajua kwamba utotoni alipoteza kidole gumba cha mkono wa kushoto akichezea baruti. Tunajua alifika Afrika Mashariki mara ya kwanza mwaka 1882, akaugua kuhara damu hata ikabidi arudishwe kwao, na kwamba Juni 1884 aliwekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza wa dayosisi ya Afrika ya Ikweta ya Mashariki. Shajara yake ya siku za mwisho, aliyoendelea kuiandika akiwa kifungoni, iliokolewa ikachapishwa. Tarehe 29 Oktoba Waanglikana humkumbuka ibadani.

Jones naye? Alinaswa utotoni na wafanyabiashara wa watumwa, akaokolewa baharini na manowari ya Kiingereza, akapelekwa India. Huko Sharanpur, karibu na mji wa Nashik, CMS, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, ilikuwa na makao ya watoto wa Kiafrika waliookolewa kama yeye. Walifundishwa kusoma na kuandika, Biblia, na kazi za mikono. Jina alilozaliwa nalo likazama nyuma ya jina la Kiingereza. Mwaka 1864 alivuka bahari kurudi Afrika pamoja na mwenzake Ishmael Semler, wakaenda Rabai kumsaidia Johannes Rebmann, mmisionari wa Kijerumani aliyekuwa pale tangu mwaka 1846 na ambaye baadaye alipofuka macho. Hannington ndiye aliyewapa Jones na Semler daraja ya ushemasi, tarehe 31 Mei 1885. Ilikuwa imepita miaka 21 tangu watue Mombasa.

Miaka 21 si muda mdogo. Katika muda huo wazungu walikuja na kuondoka, wengine wakafa kwa homa kabla hawajajua kusalimia kwa lugha ya wenyeji. Waliobaki wakifundisha, wakisuluhisha ugomvi na kuzika maiti ni hawa waliolelewa India. Wengine wa shule ileile wamo katika historia ya dunia bila sisi kuwatambua. Jacob Wainwright ndiye aliyesoma sala za maziko ya Livingstone kule Chitambo mwaka 1873, kisha akausindikiza mwili hadi Westminster. Alikufa Urambo, mwaka 1892. Ni vijana wangapi wa Tabora wanaopita Urambo kila wiki wakilijua jina hilo?

Turudi kwa msafara. Mwishoni mwa Julai 1885, wiki chache baada ya kuwekewa mikono, Jones aliondoka Rabai na askofu wake pamoja na wapagazi wapatao 200. Hannington alichagua njia ya Umasaini, ambayo mpelelezi Joseph Thomson alikuwa ameipita muda si mrefu, kwa sababu ilikuwa fupi na yenye hewa nzuri kuliko njia ya kusini iliyokaribia kumuua. Hakutambua uzito wa hofu iliyokuwa Buganda: kwamba mgeni atakayeingia kwa njia ya mashariki, kupitia Busoga, ndiye atakayekuja kuila nchi. Walifika salama hadi Kwa Sundu, yaani Mumias ya leo, mahali palipoitwa kwa jina la Shiundu, baba yake Nabongo Mumia. Hapo Hannington akamwachia Jones sehemu kubwa ya msafara, akatangulia na watu 50. Tarehe 21 Oktoba alikamatwa Busoga. Tarehe 29, kwa amri ya Kabaka Mwanga wa Buganda, aliuawa pamoja na wengi wa wapagazi wake. Joseph Mukasa Balikuddembe, Mkatoliki aliyekuwa mkubwa katika nyumba ya kabaka na aliyethubutu kumkemea Mwanga kwa damu ile, aliuawa tarehe 15 Novemba.

Walionusurika wachache walirudi Kwa Sundu na habari. Nakuomba msomaji ukae kidogo na Jones hapo. Ni shemasi wa miezi mitano. Ana watu zaidi ya mia chini yake, ugenini, na vitambaa na shanga za kununulia chakula vinapungua kila siku. Habari aliyopata imeletwa na watu walioponea chupuchupu, nayo haina uthibitisho mwingine. Akiondoka mapema na askofu yu hai, atakuwa amemtelekeza. Akichelewa, njaa itawamaliza watu, na huenda jeshi la Mwanga likawafuata. Aliamua kungoja, akangoja hadi Desemba, na matumaini yalipokwisha akawarudisha watu kwa njia ileile ya Umasaini hadi pwani. Msafara uliofiwa na mkuu wake ulikuwa rahisi kusambaratika, kila mtu na mzigo aliobeba. Wa Jones ulifika Rabai umejipanga mstari mmoja, bendera ikiwa mbele.

Na kwenye bendera, neno ambalo hata leo Wakristo wengi wanaosoma Biblia kila siku hulipita bila kusimama. Katika Biblia yetu ni Ikabodi, 1 Samweli sura ya 4. Jones hakulipata katika Biblia ya Kiswahili. Agano Jipya la Edward Steere, askofu wa Zanzibar, lilikuwa limetoka mwaka 1883, lakini Agano la Kale lilitoka mwaka 1891. Alilijua kutoka Biblia ya Kiingereza aliyofundishwa akiwa India, akalihifadhi moyoni mpaka siku ilipohitajika.

Kisa chenyewe ni hiki. Israeli wamekwenda kupigana na Wafilisti karibu na Afeki. Wameshindwa mara ya kwanza, wakaamua kulileta vitani sanduku la agano kutoka Shilo, wakidhani litawaokoa kwa kuwapo kwake tu. Wamepigwa vibaya zaidi, watu 30,000 wameanguka, na sanduku limetekwa. Mtu mmoja wa Benyamini anakimbia kutoka vitani hadi Shilo, nguo zimeraruka, ana udongo kichwani. Kuhani Eli, mzee wa miaka 98, haoni, ameketi kando ya njia akingoja. Anaambiwa Israeli wamekimbia. Anaambiwa wanawe wawili, Hofni na Finehasi, wamekufa. Anavumilia. Anapoambiwa kwamba sanduku la Mungu limetwaliwa, anaanguka chali kutoka kitini, shingo inavunjika. Mkewe Finehasi ni mjamzito. Habari zinampiga, uchungu unamjia. Wanawake waliomzunguka wanamtuliza kwamba amepata mtoto wa kiume. Hajibu. Anampa mtoto jina la Ikabodi, akieleza kwamba utukufu umewatoka Israeli, kisha anakata roho.

Wajuzi wa Kiebrania wanabishana kuhusu jina hilo. Sehemu ya pili, kavodi, ni utukufu au heshima. Sehemu ya kwanza wengine huielewa kuwa ni ukosefu, kwa hiyo jina lote ni “pasipo utukufu”. Wengine huielewa kuwa ni swali: “utukufu uko wapi?” Mimi nikiufikiria msafara wa Rabai, nalisoma kama swali. Mtu anarudi katika kituo cha misheni, mahali panapohubiriwa habari za utukufu kila Jumapili, akiwa ameinua juu ya vichwa vya watu waliokonda swali hilo kwa herufi nyeupe. Jones alibeba maombolezo, na pia alibeba mashtaka ya kujibiwa na wote waliopanga safari ile.

Tena, ndani ya kisa, yule mama haombolezi kuhani mkuu aliyeanguka kitini. Mkwewe na mumewe wanatajwa, lakini jina la mtoto linasimama juu ya sanduku lililotekwa. Kwa hiyo anayesoma bendera ya Jones na kuona hapo msiba wa askofu peke yake amesoma nusu. Jones aliijua Biblia yake kiasi cha kuliinua neno hilo mbele ya watu. Nina hakika alijua alichokuwa akikisema: kilichotekwa Busoga ni kikubwa kuliko mtu mmoja. Hiyo ni theolojia, na imetoka kwa mtu ambaye vitabu vingi vinamtaja kama msaidizi wa safari.

Kuna jambo jingine katika lugha ya kisa hiki, na hili ndilo linalonifanya niandike leo. Eli alivunjika shingo, Biblia inasema, kwa sababu alikuwa mzee na mzito. Neno la Kiebrania la uzito na neno la utukufu ni la shina moja. Msimulizi analichezea shina hilo tangu sura ya 2, pale nabii anapomwambia Eli kwamba amewaheshimu wanawe kuliko Mungu, na kwamba nyumba yake imejinenepesha kwa minofu ya sadaka za watu. Uzito wa Eli, basi, ni ushahidi. Nyama iliyomnenepesha inajulikana ilikotoka.

Soma sura hiyo ya pili polepole. Mtu amekuja Shilo kutoa dhabihu. Nyama iko chunguni inatokota. Mtumishi wa kuhani anakuja na uma wa meno matatu, anautumbukiza, na chochote kitakachonaswa kinakwenda kwa kuhani. Wengine hawangoji hata mafuta yateketezwe. Wanataka nyama mbichi ya kuchoma, na mwenye sadaka akisita anaambiwa itachukuliwa kwa nguvu. Wanawake wanaohudumu mlangoni pa hema wanalala nao. Baba anajua, anawaonya kwa maneno ya upole, anawaacha kazini. Hayo yote yameandikwa kuhusu familia ya kikuhani, katika kitabu kitakatifu, kinachosomwa mbele ya watoto. Eli huyohuyo ndiye aliyemlea Samweli na kumfundisha kuitambua sauti ya Mungu usiku. Mwandishi hakuficha uma wa meno matatu ili kulinda sifa ya mlezi wa Samweli, wala hakumnyima Eli sifa ya malezi kwa sababu ya ule uma.

Sasa linganisha na wasifu tunaousoma kanisani. Kila aliyehudhuria maziko ya mchungaji au padre anaujua mtiririko wake: marehemu alizaliwa kijiji fulani, alibatizwa, alipata elimu ya msingi, alijiunga na chuo cha biblia au seminari, alipewa daraja ya ushemasi, kisha ukasisi, alitumikia mitaa au parokia hizi na hizi, aliugua, ameacha mjane, watoto na wajukuu. Vijitabu vya jubilei ni hivyohivyo, vimeongezewa picha za rangi. Siwadharau wanaoviandika, mara nyingi ni katibu wa usharika anayekesha usiku wa kuamkia maziko, na bila yeye hata tarehe zingepotea. Lakini kwa nini mchungaji alihamishwa ghafla kutoka mtaa aliokuwa amekaa mwaka mmoja tu? Shamba la kanisa liliuzwaje? Mama mchungaji, aliyewapikia wageni, akaongoza kwaya na kusuluhisha ndoa nusu ya kijiji bila mshahara, alisema nini juu ya kazi ile? Hayo hayamo. Tukiuliza tunaambiwa marehemu hasemwi vibaya.

Heshima hiyo kwa wafu ni yetu na ni nzuri msibani. Ila siku 40 zikipita, mwaka ukipita, miaka 20 ikipita, bado tunaandika vilevile. Makasisi wetu wanakuwa orodha ya vituo vya kazi, wote wanafanana, na kijana anayefikiria wito hana mtu halisi wa kumtazama.

Si kwamba haiwezekani. Apolo Kivebulaya wa Uganda, aliyepewa ushemasi mwaka 1900 na ukasisi mwaka 1903, akaitumikia Mboga upande wa Kongo hadi alipokufa mwaka 1933, ameandikwa vizuri zaidi ya mara moja, ikiwemo na Anne Luck mwaka 1963. Haikufichwa kwamba ujanani alivuta bangi na kwamba aliwahi kuwa askari. Imetunzwa pia habari ya ombi lake la mwisho, kwamba azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa misitu ya Kongo, kinyume cha desturi ya kwao. Jambo moja la namna hiyo linamfufua mtu kuliko kurasa kumi za sifa.

Na Jones anayo mambo ya kuandikwa, yanayompa heshima na yanayoleta ubishi. Baada ya kurudi na msafara, aliendelea Rabai. Kwa miaka mingi watoro, watumwa waliokimbia mashamba na nyumba za mabwana wa pwani, walikuwa wakiingia Rabai na vituo vingine vya misheni kutafuta hifadhi. Rasmi misheni haikuruhusiwa kuwapokea. Wakuu wake walikwisha kuahidi kutogombana na wenye watumwa. Rabai iliwapokea, na Jones, aliyekuwa mtumwa mtoto, alikuwa katikati ya jambo hilo. Mwaka 1888 mabwana walikuja juu, pwani yote ikachafuka. George Mackenzie wa kampuni ya Waingereza iliyokuwa imeanza kutawala pwani alikuta watoro zaidi ya 1,400 katika vituo vya misheni, wengi wao Rabai. Alikubali mabwana walipwe fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watoro wakapewa hati za uhuru.

Uamuzi wa kuwapokea ulikuwa ukaidi au utii? Wakubwa wa misheni waliwatupia lawama wahudumu Waafrika kwa kuleta hatari ile. Baadaye Jones na wenzake walilalamika waziwazi juu ya tofauti ya mshahara na heshima kati yao na wazungu waliokuja juzi. Katika barua za wamisionari watu hawa wanaonekana wasumbufu, wenye majivuno. Mwandishi mwoga atayakwepa hayo ili Jones abaki shujaa wa bendera. Mimi nasema yaandikwe, pamoja na majivuno kama yalikuwapo. Mtu aliyeinua swali la Ikabodi mbele ya misheni mwaka 1886 ndiye yuleyule aliyeuliza miaka michache baadaye kwa nini kasisi mweusi apewe mshahara mdogo kuliko mzungu. Ukitenganisha hayo mawili humwelewi.

Shida ya vyanzo ipo. Kumbukumbu za CMS ziko Chuo Kikuu cha Birmingham, za UMCA, misheni nyingine ya Kianglikana, ziko Oxford. Humo mna barua na ripoti za vituo vyetu, na hata maandishi ya Kiswahili: Kanoni Kolumba Msigala wa Masasi aliandika kumbukumbu za maisha na kazi yake kwa lugha hii, na mpaka leo wanaozitumia zaidi ni wanahistoria wanaoandika kwa Kiingereza. Vyuo vya theolojia vya Kenya na Tanzania vinatoa wahitimu kila mwaka, na kila mhitimu huandika tasnifu. Nyingi huchambua kifungu cha Paulo ambacho kimekwisha kuchambuliwa duniani kote. Walimu wa vyuo hivyo wanaweza kuamua, bila kungoja fedha za mtu, kwamba mwanafunzi mmoja kati ya watano aandike maisha ya kasisi, katekista au mwinjilisti mmoja wa dayosisi yake, kwa Kiswahili, akitumia barua, rejista na mahojiano. Nakala za Birmingham na Oxford zinaweza kuombwa, na maaskofu ndio wenye uzito wa kuziomba.

Vingine havihitaji kuvuka bahari. Rejista za ubatizo za parokia za zamani zina jina la mtoto, wazazi, wadhamini, tarehe na saini ya aliyebatiza. Ukizipanga miaka kumi unaona nani alikuwa wapi, nani alitoweka, nani alirudi. Nyingi ziko kwenye makabati ya mbao yanayoliwa na mchwa. Picha moja moja kwa simu, kwa mwanga wa dirisha, zingetosha kuziokoa. Wazao wa watoro na wa wale waliotoka India bado wapo Rabai, Frere Town na Kisauni. Baadhi ya familia zina Biblia kuukuu zenye majina ya watoto yaliyoandikwa kwa wino kwenye kurasa za mwanzo, pamoja na jina la mchungaji aliyebatiza. Kamati ya kanisa inayopanga jubilei ya mwaka ujao ianzie kwenye nyumba hizo, na iende na daftari kabla ya kwenda na mpiga picha.

Biblia yenyewe haikuishia kwenye jina la yule mtoto. Sanduku lilikaa kwa Wafilisti miezi saba, likarudi lenyewe kwa gari jipya lililovutwa na ng'ombe wawili, bila jeshi. Na katika sura ya 14 ya kitabu hichohicho, wakati wa Sauli, anatajwa kuhani Ahiya, aliyevaa naivera, vazi lile la kikuhani ambalo tafsiri za karibuni huliita kizibao. Msimulizi anamtambulisha Ahiya kwa ukoo: mwana wa Ahitubu, nduguye Ikabodi, wa uzao wa Finehasi, wa uzao wa Eli. Hakuna jina la aibu lililorukwa katika orodha hiyo, na kuhani yuko kazini.